Tiketi ya Ligi Kuu England imegoma: tafuta chanzo kabla ya kulaumu app

Malalamiko ya mashabiki wenzangu, wawe wanaishi Leicester, Muscat au Mbagala, huanza na hukumu: app ya klabu ni mbovu. Kuna siku ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, app inafanya kile hasa ambacho klabu imeiagiza, ila shabiki hajaelezwa kwamba tiketi ya siku hizi si kitu anachokimiliki. Ni ruhusa iliyofungwa kwenye jina lake, akaunti yake na simu yake, na klabu inaweza kuihamisha au kuifuta hata kama mwenyewe ameshapanda treni.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza: tiketi iko wapi saa hii? Huenda iko kwenye akaunti yako ya klabu lakini haijashuka kwenye simu. Huenda imeshashuka, iko kwenye pochi ya simu, yaani Apple Wallet au Google Wallet. Huenda bado iko kwenye akaunti ya mtu aliyekuahidi. Au haiko kokote, na ulichonacho ni risiti tu ya tovuti fulani. Kila hali ina dawa yake, na ukikosea hali utahangaika na dawa isiyohusika hadi filimbi ya mwisho.

Umegusisha simu langoni, taa nyekundu

Vilabu vikubwa kadhaa, Arsenal na Liverpool vikiwemo, vinatumia kadi ya kidijitali inayosomwa kwa kugusisha simu kwenye mashine, kwa teknolojia ileile ya NFC inayotumika kulipia dukani. Kwa hiyo picha ya skrini uliyotumiwa WhatsApp, hata iwe safi namna gani, haifungui mlango.

Anza na simu yenyewe. Tecno, Infinix na itel nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa kwetu hazina NFC kabisa, na Huawei za miaka ya karibuni zisizo na huduma za Google hazikubali Google Wallet. Ingia kwenye mipangilio utafute neno NFC. Kama halipo, usiendelee kupoteza bando. Waandikie ofisi ya tiketi ya klabu siku kadhaa kabla ya mechi. Vilabu huwa na njia mbadala kwa asiye na simu inayofaa, lakini ni ya kuomba mapema. Ukiidai dakika kumi kabla ya mpira kuanza utaambiwa pole, basi.

NFC ikiwepo, hakikisha imewashwa, skrini imefunguliwa, na kava halijabeba kadi za benki nyuma, maana mashine inaweza kusoma kadi ya benki badala ya tiketi. Halafu tazama namba ya geti. Kadi hufungua mlango uliopangiwa, na ukienda upande wa pili wa uwanja kwa sababu foleni ya huko ni fupi, mashine itakukataa bila kukueleza kwa nini. Kadi ya msimu uliopita nayo huchanganya watu, kwa sababu bado imekaa humo kwenye pochi ya simu na inafanana na mpya kwa karibu kila kitu. Ifute. Na kama umebadili simu, ujue kadi ikishashuka kwenye simu mpya, ya simu ya zamani inaweza kuwa imekufa.

Mwenye tiketi ya msimu ana chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii. Ukiweka kiti chako kwenye soko rasmi la klabu kikauzwa, kadi yako hulala kwa mechi hiyo tu, kisha huamka mechi inayofuata. Mtu anaweka kiti sokoni Jumatatu kwa sababu ana zamu kazini, zamu inabadilishwa Alhamisi, Jumamosi anafika langoni amevaa jezi kamili. Wakati huo kiti kina mwenyewe mwingine.

Ujumbe mbaya kuliko yote ni ule unaosema tiketi imeshatumika. Kama ni tiketi uliyonunua mwenyewe kwenye akaunti yako, kuna uwezekano simu yako ilisomwa mara ya kwanza na wewe hukusukuma geti kwa wakati. Msimamizi aliye karibu hulimaliza hilo haraka. Kama umeinunua kwa mtu, ameshaingia mwingine. Usibishane na msimamizi wa geti, hana mamlaka ya kukupa kiti. Nenda ofisi ya tiketi ukiwa na kitambulisho chenye picha na barua pepe ya uthibitisho.

Jambo moja la kufanya nyumbani, si barabarani: pakua kadi kwenye simu ukiwa na intaneti nzuri. Emirates, uwanja wa Arsenal, inachukua watu 60,704, na wote wakishasimama nje wakituma picha kwa jamaa zao, mtandao hukwama kama foleni ya Ubungo jioni.

"Nimekutumia tiketi," lakini mpokeaji haoni kitu

Kuhamisha tiketi ndani ya app ni jambo linaloruhusiwa na vilabu vingi, kwa masharti. Sharti linalowakamata watu wetu ni kwamba mpokeaji mara nyingi lazima awe mwanachama au awe na akaunti iliyounganishwa na yako kwenye orodha ya ndugu na marafiki. Shemeji aliyetoka Tanga wiki hii hana hata namba ya uanachama. Tiketi imetumwa, inasubiri, na saa zinakwenda.

Chanzo cha pili ni majina na barua pepe. Wengi wetu tuna akaunti mbili bila kujua: moja tuliifungua tuliponunua jezi mtandaoni, nyingine tulipojiunga uanachama. Tiketi imeingia kwenye ile ya jezi, wewe unafungua ile ya uanachama. Majina yetu nayo yana tahajia zake. Kwenye pasipoti ni Abdallah, kwenye akaunti ni Abdala, na siku wakikagua vitambulisho langoni, tofauti hiyo itakuweka pembeni ukijieleza. Rekebisha jina lifanane na pasipoti kabla hujanunua chochote.

Halafu kuna tiketi za punguzo. Tiketi ya mtoto au ya mzee haiwezi kutumiwa na kijana wa miaka thelathini. Kwenye vilabu vingi app hukuruhusu kulipa tofauti ya bei ndipo uihamishe. Ukiruka hatua hiyo, mashine ya langoni huonyesha aina ya tiketi, na msimamizi ana macho.

Kiti kinaonekana sokoni, ukibonyeza kimeondoka

Hapa ndipo watu wanaporogwa, au ndivyo wanavyoamini. Soko rasmi la klabu, ambako wenye tiketi za msimu hurudisha viti vya mechi wasizoweza kwenda, ndiyo njia halali ya mwanachama wa kawaida kupata kiti cha mechi iliyojaa. Ukurasa unaonyesha nukta ya kiti, unabonyeza, unaambiwa hakipatikani. Unarudia, vilevile.

Kinachotokea ni kwamba ramani unayoiona ni ya sekunde chache zilizopita. Kiti kimeshaingia kwenye kikapu cha mtu mwingine, na kikapu hupewa dakika kadhaa za kulipia. Akishindwa kulipa, au kadi yake ikikataliwa, kiti hurudi. Kwa hiyo kiti kilichotoweka huenda hakijauzwa bado. Ukifunga ukurasa kwa hasira unamwachia aliyebaki. Mvumilivu hula mbivu, ila humu mbivu huliwa na mwenye kidole chepesi pia. Usiweke programu ya kubonyeza yenyewe wala kuonyesha upya ukurasa kila nusu sekunde: mfumo utakuona roboti na kukutoa nje.

Ukitaka viti viwili pamoja unajipunguzia nafasi mno, kwa sababu anayerudisha kiti mara nyingi anarudisha kimoja. Kaeni mbalimbali, mtakutana mapumziko.

Wakati ni muhimu kuliko kasi. Mechi za Ligi Kuu huhamishwa siku na saa kwa ajili ya televisheni, na kuanzia msimu wa 2025/26 kampuni ya televisheni ya Sky peke yake inaonyesha mechi zisizopungua 215 kati ya 380. Mechi iliyokuwa Jumamosi saa tisa alasiri ikipelekwa Jumatatu usiku, mwenye tiketi ya msimu anayeishi mbali hawezi kurudi nyumbani kwa treni, na kiti chake kinaingia sokoni. Mimi huangalia matangazo ya televisheni kabla ya kuangalia soko. Wimbi la pili huja siku mbili za mwisho, wakati mafua ya mtoto na zamu za dharura zinaanza kujitokeza.

Kwa mlioko nyumbani kuna mtego wa saa. Tangazo likisema mauzo yanafunguliwa saa nne asubuhi London, Dar na Nairobi huwa ni saa sita mchana wakati wa kiangazi cha Ulaya, lakini baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa saba. Jumapili ya mwisho ya Machi mambo yanageuka tena. Kuna watu wamekaa kwenye foleni ya mtandaoni saa nzima kabla ya duka kufunguliwa, wakaapa kwamba mfumo unabagua Waafrika.

Arsenal ilianza kutumia bahati nasibu kwa wanachama wake wa kawaida msimu wa 2023/24 badala ya mwenye mbio kuwahi. Kwa hiyo kama ukurasa wa mauzo haukupi kitufe cha kununua, angalia kwanza kama ulipaswa kuomba wiki kadhaa nyuma. Uliyekosa bahati nasibu ndiye unayekwenda kusubiri sokoni.

Malipo yamekataliwa

Hili ni fupi. Kadi nyingi za benki za kwetu hufungiwa malipo ya mtandaoni ya nje mpaka uombe, na benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini ya simu ya nyumbani. Ukiwa London na laini ya Dar umeizima, namba haifiki, dakika za kikapu zinaisha. Washa laini hiyo, ongeza kiwango cha matumizi siku moja kabla, na usitumie kadi ya rafiki kwa akaunti yako. Sababu ya hilo la mwisho ipo mbele.

Mwenye tiketi ya msimu: wameuza kiti changu ghali, mimi nimepewa kiduchu

Sikiliza hesabu, namba ni za mfano. Tiketi ya msimu ya pauni 1,140 kwa mechi 19 za nyumbani ni pauni 60 kwa mechi. Ukirudisha kiti cha mechi kubwa, klabu nyingi hukurudishia hiyo sehemu yako ya wastani, mara nyingine kama punguzo la tiketi ya mwakani na si fedha taslimu. Mnunuzi hatozwi wastani. Anatozwa bei ya siku ya mechi hiyo, tuseme pauni 95, pamoja na ada ya kununulia. Tofauti inabaki klabuni. Si hitilafu, imeandikwa kwenye masharti uliyoyakubali bila kuyasoma. Inakera, na mimi naona klabu ingeweza kuwa na haya kidogo, hasa kwa vile kiti hicho kilishalipiwa mara moja.

Kama kiti hakikuuzika kabisa, chanzo cha kawaida ni kwamba soko halikufunguka. Vilabu vingi hulifungua baada ya tiketi zao wenyewe kwisha. Mechi ya kombe dhidi ya timu ya daraja la chini huenda isifike huko. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu vilabu kadhaa sasa vinahesabu: usipotumia kiti chako kwa idadi fulani ya mechi, tiketi ya msimu haitahuishwa, na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Soma masharti ya klabu yako uone kama kukiweka sokoni bila kuuzika kunahesabika kama matumizi. Jibu halifanani kila mahali. Kama halihesabiki, mpe mpwa wako mwenye uanachama aende.

Tovuti inauza tiketi ya pauni 65 kwa pauni 300

Kabla ya kuuliza kwa nini ni ghali, uliza kinachouzwa. England na Wales, kuuza tiketi ya mechi ya soka ya kulipwa bila idhini ya klabu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 166 cha sheria ya mwaka 1994 ya haki ya jinai na utulivu wa umma. Ni kosa hata kuuza kwa bei ileile iliyoandikwa. Mnunuzi hashtakiwi, lakini klabu inaweza kumzuia au kumtoa. Ndiyo maana tovuti nyingi za namna hii zimesajiliwa nje ya Uingereza, na ndiyo maana bei inapanda: unalipia hatari ya mtu mwingine. Mara nyingi anayekuuzia hana kiti bado. Ameuza ahadi, na ataanza kukitafuta baada ya pesa yako kuingia. Ligi Kuu yenyewe inachapisha orodha ya tovuti zisizoidhinishwa. Iangalie kabla ya kulipa.

Dalili za ulanguzi zinajirudia. Unaambiwa kiti kitajulikana siku ya mechi. Unaambiwa ukutane na kijana karibu na stesheni, akukabidhi simu yenye kadi ndani, uirudishe baada ya mpira. Unapewa jina la kujibu ukiulizwa. Unaambiwa uvue jezi. Hiyo simu ni akaunti ya mwanachama fulani, wa kweli au wa bandia, na ikifungiwa kabla hujafika langoni hakuna wa kumdai. Mlanguzi wa zamani wa nje ya uwanja angalau ulimwona uso.

Ukiuziwa kiti cha ugenini, shtuka zaidi. Tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya mashabiki wageni kwenye Ligi Kuu haizidi pauni 30, na vilabu huzigawa kwa mashabiki wao waliosafiri nao miaka. Anayekuuzia kwa pauni 200 ama anauza kiti cha mtu huyo, ama atakuweka katikati ya mashabiki wenyeji, na bao la timu yako likiingia utajitaja mwenyewe kwa kushangilia.

Usihamishe sheria hii kwenda nchi nyingine. Marekani kuuza upya kwa bei ya juu ni biashara halali katika sehemu kubwa ya nchi, na timu zenyewe zina mikataba na masoko hayo. FIFA ilipouza tiketi za Kombe la Dunia la 2026 ilifungua soko lake bila kikomo cha bei kwa Marekani na Kanada, ikachukua asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 kwa mnunuzi. Tiketi ikiwekwa kwa dola 1,000, mnunuzi anatoa 1,150, muuzaji anapata 850, na 300 zinabaki kwa mwenye soko. Kwa hiyo shabiki anayeona bei ya ajabu kwenye soko rasmi kule hajaibiwa na tapeli. Ndivyo soko lilivyojengwa.

Wala vilabu vya England si malaika. Novemba 2024 Manchester United ilipandisha tiketi za wanachama zilizobaki hadi pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee, katikati ya msimu. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani kwao Anfield dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, timu ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland. Mechi ikaisha 2-2, na siku chache baadaye wamiliki wakaiondoa bei hiyo. Klabu ikikuambia ughali wote unaletwa na walanguzi, tazama pia vifurushi vyake vya chakula na kiti laini, vinavyouzwa kwa mamia ya pauni kwa uwanja uleule. Vifurushi hivyo ni ghali, lakini kwa mtu anayesafiri kutoka Dodoma mara moja maishani ndivyo ninavyomshauri, kwa sababu ni halali na havihitaji uanachama. Akubali kukosa mechi dhidi ya wapinzani wakubwa, achague mechi ndogo, atalipa nafuu.

Akaunti imefungwa bila maelezo

Vilabu vinawinda akaunti za walanguzi kwa kutafuta alama: kadi moja ya benki inayolipia akaunti nyingi, anwani moja yenye wanachama wengi, kuingia kutoka nchi mbili ndani ya saa moja, tiketi inayohamishwa kila mechi kwa mtu mpya. Sasa fikiria nyumba yetu ya kawaida kule Reading: ndugu sita, kadi ya kaka mkubwa, VPN (programu inayoficha uko nchi gani) iliyowashwa kwa ajili ya kuangalia mechi za nyumbani, na kila wiki mgeni mpya kutoka Zanzibar anapewa kiti. Kwa kompyuta, hiyo ni genge.

Kila mmoja alipie kwa kadi yake. Zima VPN unapoingia kwenye tiketi. Wageni wafungue uanachama kwa majina yao, na uwaunganishe kwenye orodha ya ndugu kabla ya kuwahamishia chochote. Ukishafungiwa, usifungue akaunti nyingine, maana hiyo ndiyo inayothibitisha tuhuma. Andika barua pepe moja, fupi, yenye namba ya uanachama, nakala ya kitambulisho, uhusiano wako na kila uliyemhamishia tiketi, na jinsi kila tiketi ilivyolipiwa. Omba wakutajie mechi inayolalamikiwa na sharti lililovunjwa. Wakikaa kimya, peleka nakala kwa chama cha mashabiki wa klabu. Vingi vina mtu anayeshughulikia tiketi, na barua kutoka kwake hujibiwa haraka kuliko ya kwako.